Lango la Lublin na mama aliyekaa na siri miaka 35



Nilipokuwa nasoma falsafa nilimpenda sana Karol Wojtyła, yaani Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyeanza kufundisha maadili Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lublin, Poland, mwaka 1954. Niliyajua aliyoandika kuhusu hadhi ya mtu. Sikuwahi kujiuliza katika mji ule walikuwa wameishi akina nani.

Kumbe kabla ya vita Lublin ilikuwa na Wayahudi wapatao 43,000, theluthi ya wakazi. Machi na Aprili 1942 Wanazi waliwasomba wengi wao kwa treni wakawaua Bełżec. Mtaa wao chini ya ngome ukabomolewa. Waliozaliwa baadaye walipita hapo kila siku, wakaona nyasi tu na uwanja.

Kati ya mji wa Wakristo na mtaa ule pana lango la kale, Brama Grodzka. Watu waliliita Lango la Wayahudi. Tangu miaka ya 1990 kituo kilichomo humo kimekuwa kikiwarekodi wazee, Wapolandi na Wayahudi walionusurika: duka lilikuwa la nani, mkate ulinunuliwa wapi, mtaa ulinukia nini. Wengi wanaofanya kazi hiyo si Wayahudi. Wametenga faili moja kwa kila mmoja wa wale 43,000, na mafaili mengi mpaka leo ni matupu. Hapo mimi nilikwama. Jamani, faili tupu, lakini limetengwa kwa ajili ya mtu!

Sasa sikilizeni hili. Padre Romuald Waszkinel, aliyepadirishwa 1966, alifundisha falsafa chuo hichohicho. Mwaka 1978, akiwa na miaka 35, ndipo mama yake Emilia alipomwambia ukweli: hakumzaa. Mama mzazi, Myahudi, alimkabidhi angali mchanga, akimsihi amwokoe kwa ajili ya Yesu, ambaye naye alikuwa Myahudi. Habari yote ilikuwa kwa mama mmoja. Angefariki nayo, je? Na hata yeye hakuwa na jina la ukoo. Lilipatikana miaka ya 1990, mtawa mmoja alipokwenda Israeli akaulizia kwa manusura wa mji wao. Padre akaliunganisha na lile la waliomlea: Weksler-Waszkinel.

Wiki hii soma Zaburi 78:1-8, na *Nostra Aetate* namba 4 (ni fupi, usiogope). Halafu mtafute mzee mmoja, uweke simu mezani urekodi. Zima mlio kwanza, isije ikalia katikati.

Mimi nilianza na bibi likizo iliyopita. Nilimwuliza majirani waliohama kijijini kwetu walikwenda wapi. Alinitazama muda mrefu, kisha akacheka.

“Leo ndo unaniuliza, frateri?”