Somo la Jikoni: Keki Ndogo za Maembe na Maziwa Lala

Wakulima wa Makueni na Kitui, kila mmoja wenu ajua yanayotokea msimu wa maembe, kati ya mwezi wa Novemba na Machi. Maembe huiva yote kwa pamoja. Mnunuzi huja na gari lake na bei yake, na yale anayoyakataa kwa kuwa ni madogo au yamechubuka hubaki chini ya mti. Mwaka 2017 kulifunguliwa kiwanda cha matunda huko Kalamba, jambo jema sana, lakini kiwanda nacho hakiwezi kupokea kila embe lililoanguka.

Somo hili lahusu hayo yaliyobaki. Nyumba yenye maembe na maziwa ya ng'ombe mmoja tu, au ya mbuzi, yaweza kuoka keki ndogo zile ambazo watu wa mjini huziita mafini. Hazihitaji jiko la umeme, wala hamira ya kuumua usiku kucha. Zahitaji maziwa lala, na mwokaji ajuaye kwa nini maziwa hayo yametiwa.

Maziwa yakilala hupata ukali. Vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho hula sukari iliyomo ndani ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ikikutana na bekingi soda, hewa hutoka kwa wingi. Ukitaka kuona kwa macho yako, tia soda kidogo katika kijiko cha maziwa lala na utazame povu linavyopanda. Hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Basi soda bila kitu kikali haifanyi kazi yake vizuri: keki hubaki nzito, yenye rangi ya manjano na ladha ya sabuni. Kwa kikombe kimoja cha maziwa lala, nusu kijiko cha chai cha soda chatosha. Wengi huongeza wakidhani keki itapanda zaidi, na hapo ndipo wanapoiharibu.

Wala usitie magadi yale tunayolainishia isyo. Magadi ni makali kuliko soda ya dukani, na huwezi kujua kipimo chake kwa kutazama donge.

Sasa vipimo, vya keki 12. Chukua kikombe cha chai na ukitumie hicho hicho mpaka mwisho. Unga wa ngano vikombe viwili. Ukipenda, nusu kikombe kati ya hivyo kiwe unga wa mtama au wimbi, lakini usizidishe hapo, kwa maana keki itavunjika. Sukari nusu kikombe. Bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, soda nusu kijiko, chumvi robo kijiko. Katika bakuli la pili piga yai moja, utie kikombe kimoja cha maziwa lala na theluthi ya kikombe cha mafuta ya kupikia. Maembe yaliyokatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, kikombe kimoja. Embe la Apple au Kent hukatika vizuri. Yale ya kienyeji yenye nyuzi ni heri kuyaponda na kuyachuja, ukatumia rojo lake nusu kikombe tu, na maziwa ukayapunguza kidogo.

Embe lililochubuka lafaa, ukikata sehemu iliyoharibika. Embe lenye funza halifai. Nzi wa matunda aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 hutaga mayai ndani ya tunda, na funza wake wakitoka huingia udongoni na kurudi wakiwa nzi wapya. Maembe ya namna hiyo yaokotwe kila siku, yafukiwe katika shimo lenye kina cha futi mbili au zaidi. Kuyaacha chini ya mti ni kufuga adui wa mavuno ya mwaka ujao.

Kabla ya kuchanganya chochote, washa moto. Soda huanza kazi mara iloweshwapo, haingojei jiko. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, weka juu yake mawe matatu madogo, funika kwa kifuniko bapa cha bati, na uweke makaa juu ya kifuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Moto wa chini ukizidi, keki huungua matako na kubaki mbichi kichwani. Miti ya mbaazi iliyokauka huwaka upesi na kutoa makaa ya kutosha, haina haja ya kukata mti wa msituni. Kujua joto, tia kipande cha karatasi nyeupe ndani. Ikigeuka rangi ya kaki kwa dakika tano, oka. Ikiwa nyeusi, ondoa makaa kiasi.

Hapo mimina maziwa na yai ndani ya unga. Akina mama waliozoea chapati hupata taabu hapa, kwa kuwa mkono wao umefundishwa kukanda. Unga wa ngano una kitu kinachonata. Ukiukanda hushikamana na kuvutika, nayo ni sifa njema kwa chapati, lakini keki huwa ngumu kama mpira. Koroga kwa mwiko mara kumi na tano hivi, uache hata kama madonge madogo yanaonekana. Maembe yapakwe unga kidogo yasizame, yatiwe mwisho. Jaza vikopo vilivyopakwa mafuta mpaka theluthi mbili, uoke dakika 20 hadi 25. Njiti ikichomwa katikati na kutoka kavu, zimeiva.

Wakati wa ukame, ng'ombe akikauka, msiache. Wenyeji wa Kibwezi na Kitui wana mibuyu. Unga mweupe wa ubuyu una ukali wake wenyewe: koroga vijiko vitatu vya chakula katika kikombe cha maji, uchuje, utumie mahali pa maziwa lala. Keki haitakuwa laini vile vile, lakini itapanda.

Anayetaka kuuza shuleni au sokoni afanye hesabu kwanza, tena kwa kalamu. Aandike bei ya unga, sukari, mafuta, yai, soda na makaa. Aandike pia bei ya maziwa ambayo angaliuza, maana maziwa ya nyumbani si ya bure. Jumla aigawe kwa 12, aone kila keki imemgharimu kiasi gani kabla ya kutaja bei kwa mtu yeyote. Kwa maoni yangu, aliye mbali na soko aoke za watoto wake tu. Keki hizi zina maji ya matunda. Katika joto letu siku mbili zatosha, na siku ya tatu huanza kuota ukungu. Zipoe kabisa kabla ya kufunikwa, zifunikwe kwa kitambaa safi, wala zisifungwe ndani ya mfuko wa plastiki zikiwa moto.