Saa ya mkononi inajua nini kuhusu usingizi wako?

Kila asubuhi saa yangu huniandikia dakika za usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto. Imezijuaje?

Haijazijua, imezikisia. Hatua za usingizi ni mambo ya ubongo, na hutambuliwa kwa kuupima ubongo. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha maelezo ya usingizi ambamo macho hucheza kwa kasi chini ya kope, na siku hizi maabara za usingizi hubandika elektrodi kichwani, kandokando ya macho na kidevuni. Mtaalamu huugawa usiku mzima katika vipande vya sekunde 30, akakipa kila kipande hatua yake. Saa iliyofungwa mkononi haifiki huko. Ilicho nacho ni kihisi cha mwendo, pamoja na mwanga wa kijani unaomulika ngozi ili kufuatilia damu inavyopita, na humo hupata mapigo ya moyo na tofauti ndogondogo za muda kati ya pigo na pigo. Katika usingizi mzito moyo hutulia na mapigo hufuatana kwa utaratibu. Katika usingizi wa ndoto mapigo huyumba ilhali mwili umelegea. Programu ya saa hulinganisha dalili hizo na rekodi za watu waliopimwa maabara, kisha hutoa jibu linaloelekea kuwa sahihi. Ni sawa na kutaja kinachopikwa jikoni kwa kutazama moshi: mara nyingi utapatia, lakini chungu hukukifunua.

Basi niamini namba ipi?

Anza na saa uliyolala na saa uliyoamka, kisha jumla ya muda wa kulala ukiichukua kwa wastani wa wiki. Hapo kifaa hufanya kazi nzuri, kwa sababu mtu aliyelala kweli hutambulika kwa urahisi. Udhaifu wake uko kwa mtu aliye macho ila ametulia. Aliyelala chali gizani akiwaza ada za watoto, bila kujigeuza, anaweza kuhesabiwa kuwa amelala, na ndiyo maana vifaa hivi huelekea kuongeza muda wa usingizi kuliko ulivyokuwa. Athari yake ni nzito: mwenye tatizo la kukosa usingizi, ambaye ndiye mhitaji mkubwa wa ukweli, ndiye anayeweza kupewa namba ya kumfariji isivyostahili.

Mgawanyo wa hatua uuchukue kwa tahadhari kubwa zaidi. Hata wataalamu wanaosoma mawimbi yaleyale ya ubongo hukubaliana kwenye vipande vipatavyo 80 tu, au zaidi kidogo, katika kila 100. Sembuse kifaa kisichoyaona mawimbi hayo. Saa ikisema jana ulipata dakika 48 za usingizi mzito na leo 61, huenda hakuna kilichobadilika mwilini mwako. Ile alama ya jumla ambayo saa huupa usingizi wako, ya 74 au 88, ni dhaifu kuliko zote, kwani kila kampuni huchanganya vipimo vyake kwa kanuni yake yenyewe. Alama ya saa moja hailingani na ya saa nyingine.

Lakini watengenezaji wanasema wamezijaribu maabara, na matokeo yalikaribiana.

Ni kweli, na majaribio hayo yana thamani. Ila kinachokaribiana mara nyingi ni wastani wa kundi. Mmoja akiongezewa dakika 30 na mwenzake akipunguzwa 30, wastani utatoka safi huku wote wawili wamepewa habari isiyo sahihi. Tena inafaa kuuliza waliojaribiwa ni akina nani, kwa sababu programu iliyofunzwa kwa vijana wenye afya hubahatisha zaidi kwa mzee au kwa mgonjwa wa moyo. Kwa wasomaji wetu rangi ya ngozi nayo haipuuziki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba vipima oksijeni vya kidoleni, vya hospitali hasa, vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Saa zinazodai kupima oksijeni usiku nazo hutumia mwanga kupitia ngozi. Ratiba pia huvuruga hesabu: muuguzi wa zamu ya usiku, au anayeamka kula daku na kuswali alfajiri kisha akarudi kulala, anaweza kukuta usingizi wake umekatwa vipande na sehemu yake imeachwa nje ya hesabu.

Nimeamka nikiwa mzima, saa inasema nimelala vibaya. Nani mkweli?

Jiamini wewe. Mwaka 2018 watafiti wa Oxford waliwapa watu wenye tatizo la usingizi taarifa za uongo kutoka kwenye kifaa cha mkononi. Walioambiwa wamelala vibaya walijisikia wachovu zaidi mchana na hali yao ya kihisia ikashuka, ingawa taarifa zile zilikuwa za kubuni. Mwaka uliotangulia, waganga wa Chicago walikuwa wameeleza habari za wagonjwa waliokuja kutibiwa kwa sababu ya takwimu za vifaa vyao, na kati yao walikuwapo waliorefusha muda wa kukaa kitandani ili wapandishe namba. Kukaa kitandani bila usingizi huzidisha tatizo lenyewe. Ikiwa kila asubuhi unaifungua programu kwa wasiwasi, ivue saa usiku kwa majuma kadhaa.

Basi niitupe?

Hapana. Itumie kujilinganisha na wewe mwenyewe, kwa wiki na miezi. Ukiona unalala saa tano na nusu wiki baada ya wiki, wakati mtu mzima anashauriwa kulala saa saba au zaidi, hiyo ni habari ya kufanyia kazi, hata kama hesabu imekosea kwa dakika 20. Ukiona mapigo ya moyo ya usiku yanapanda kila unapokunywa pombe, umepata jambo ambalo hakuna mtu angeweza kukuonyesha kwa urahisi hivyo. Saa kadhaa zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2024 huweza pia kutoa tahadhari ya dalili za kukatika pumzi usingizini. Ila tahadhari hiyo si uchunguzi wa daktari, wala kutoionyesha si hati ya uzima. Kwa hiyo, ikiwa unakoroma kwa nguvu, mwenzako amekuona ukikatika pumzi, au unasinzia ukiwa kwenye usukani, nenda hospitali ukapimwe, hata kama saa yako imekupa alama 90.