Sindano Isiyo na Dawa: Akupancha katika Tiba ya Wanyama

Mfugaji aambiwapo kuwa ng'ombe wake atadungwa sindano, huwaza chanjo au dawa. Sindano ya akupancha haina dawa. Ni nyembamba, haina tundu, nayo huchomwa katika sehemu maalumu za mwili na kuachwa kwa dakika kadhaa, pengine ikiunganishwa na mkondo hafifu wa umeme. Makala haya yanachunguza asili ya tiba hii, utendaji wake na uzito wa ushahidi wake.

Asili yake ni Uchina. Mnamo mwaka 1608, enzi ya Ming, ndugu wawili, Yu Benyuan na Yu Benheng, walitoa Yuan Heng Liao Ma Ji, kitabu cha tiba ya farasi. Kwa mujibu wa mapokeo ya Kichina, sindano husawazisha qi, yaani nguvu ya uhai ipitayo mwilini katika njia maalumu. Hata hivyo, njia nyingi zitumiwazo leo kwa wanyama zilinakiliwa kutoka mwili wa binadamu, hata farasi akapewa njia ya nyongo ilhali hana kifuko cha nyongo! Wanasayansi hueleza kwamba sindano huchochea neva, mwili ukatoa endofini, kemikali zipunguzazo maumivu.

Je, mnyama hupata nafuu? Mgonjwa huyu hasemi. Mwenye mbwa ndiye amsemeaye, na mwenye kutumaini huweza kuona nafuu isiyokuwapo. Aidha, kuchechemea huweza kupungua kwenyewe. Ndiyo maana ulinganishi ni wa lazima. Mwaka 2006, Habacher, Pittler na Ernst walipitia tafiti zilizokuwapo, wakahitimisha kuwa hazikutosha kuipendekeza wala kuikataa tiba hii kwa ugonjwa wowote wa wanyama wa kufugwa. Mwaka 2007, utafiti kuhusu mbwa wenye maradhi ya diski za uti wa mgongo ulionyesha kuwa waliotiwa sindano za umeme pamoja na matibabu ya kawaida walirejea kutembea mapema kuliko waliopata matibabu ya kawaida pekee.

Kwa kuhitimisha, uzito umo katika maneno "pamoja na". Sindano haiungi mfupa wala haiui bakteria. Daktari wa mifugo sharti abaini chanzo kwanza, kwani kutuliza maumivu yasiyojulikana ni kuyaficha. Na mficha maradhi, kilio humfichua.