Kihamba na Pembe za Shamba

Mwaka 1933 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, wauze kahawa yao pamoja. Kwa maana mkulima mmoja hana nguvu mbele ya mnunuzi. Lakini mambo mawili yalibaki. Bei ya kahawa huamuliwa ng'ambo. Tena kihamba hugawanywa kwa wana wa kiume, nacho hupungua kila kizazi. Binti mara nyingi hapati fungu, ingawa sheria ya ardhi ya 1999 yampa mwanamke haki sawa. Basi tujiulize: mavuno yetu yamwacha nani nje? Mungu aliagiza katika Walawi 19 pembe za shamba ziachiwe maskini na mgeni. Usharika uwasahauo hao haujakua, hata mali yake ikiongezeka.