Kwa Nini Dashibodi Hugonga

Chukua sarafu ya Uganda, ile ya shilingi 500 inayobaki mfukoni baada ya safari ya Nimule, mpakani mwa Uganda, uiweke juu ya dashibodi ya gari lililosimama. Sasa jiulize: gari litikisike kiasi gani ndipo sarafu ianze kuruka? Sarafu imekaa pale kwa sababu dunia inaivuta chini. Dashibodi ikishuka taratibu, sarafu inashuka nayo. Lakini dashibodi ikishuka kwa mchapuko unaozidi ule wa kitu kinachoanguka chenyewe, yaani mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, plastiki inaiacha sarafu hewani. Kufumba na kufumbua plastiki inarudi juu na kukutana na sarafu iliyo njiani kushuka. Mgongano huo ndio kelele.

Nimeanza na sarafu kwa sababu karibu kila mgongano unaosikika ndani ya dashibodi ni sarafu ya namna hiyo: klipu iliyolegea, waya uliotoka kwenye kishikio chake, mlango wa kabati la dashibodi, skrubu iliyodondoka humo siku fundi alipofunga redio. Panatakiwa vitu viwili tu, nyuso zisizoshikamana na mwanya kati yake. Mengine yote ni hesabu ya mtetemo, na hesabu hiyo inafaa kufanywa kabla ya kushika bisibisi.

Mchapuko wa kitu kinachotetema unategemea kimo cha mtetemo na idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Hiyo idadi ndiyo yenye nguvu zaidi. Ukiizidisha mara mbili huku kimo kikibaki kilekile, mchapuko huongezeka mara nne. Bodi ya gari juu ya springi zake hupanda na kushuka mara moja au mbili kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa polepole, ili sarafu iruke, dashibodi ingelazimika kupanda sentimita 11 na kushuka sentimita 11 kutoka mahali pake pa kawaida. Ndiyo maana shimo kubwa linaweza kukunesanesha vizuri tu bila kitu kugonga. Lakini kwenye hezi 14, milimita moja na robo inatosha. Kwenye hezi 28 inatosha thuluthi ya milimita, mwendo ambao jicho halitauona.

Hizo hezi 14 zinatoka wapi? Zinatoka barabarani. Barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192 zilizotiwa lami na kufunguliwa mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, haina tabu hii. Tabu iko kwenye udongo mwekundu wa mitaa ya Juba, Gudele, Munuki, Gumbo, ambako baada ya wiki chache za kiangazi njia hujipanga yenyewe kwa mawimbi madogo yanayokata barabara, tuta baada ya tuta, kwa nafasi inayokaribia kuwa sawa. Nafasi hiyo kwa kawaida huwa kati ya sentimita 30 na mita moja. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linapita mita 8.3 kila sekunde. Matuta yakiwa yameachana kwa sentimita 60, gurudumu litapigwa mara 14 kwa sekunde. Na gurudumu lenyewe pamoja na ekseli, vikiwa vimebanwa kati ya springi iliyo juu na mpira wa tairi ulio chini, hupenda kurukaruka kati ya hezi 10 na 15. Barabara inapiga kwa mwendo uleule ambao gurudumu linaupenda, na kila pigo linaongeza nguvu ya lililotangulia. Hakuna mwendo mbaya kwa dashibodi kuliko huo.

Wengi hudhani mawimbi hayo huchimbwa na malori yenye springi mbovu. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na James McElwaine walizungusha gurudumu juu ya kitanda cha mchanga maabarani, wakaona mawimbi yakijitokeza hata pasipo springi yoyote. Inatosha mwendo upite kiwango fulani, kiwango kidogo ambacho hakuna dereva mwenye haraka anayekaa chini yake. Gurudumu likigonga kijituta hupaa kidogo, likitua huchimba na kusukuma udongo mbele, na udongo huo ndio tuta la gurudumu linalofuata. Greda ikisawazisha leo, kesho magari yanaanza kuandika upya.

Madereva wazoefu hukanyaga mafuta ili "kuelea" juu ya matuta, na kweli dashibodi hutulia. Kwenye kilomita 60 kwa saa mapigo yanafika hezi 28, gurudumu haliwezi tena kuyafuata yote, na springi hazifikishi juu sehemu kubwa ya mtikisiko. Lakini gurudumu lisilofuata matuta ni gurudumu lililo hewani kwa sehemu ya wakati, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Katika mitaa yenye watoto wanaotoka shule na vumbi linalowafunika, huo si ufundi wa kusifia.

Kuna mtetemo mwingine usiotoka barabarani. Gari limesimama kwenye kizuizi cha ukaguzi, injini inanguruma, na kitu kinatetema kwa sauti karibu na usukani. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 750 kwa dakika, hiyo ni miwako 25 kwa sekunde. Ukiwasha kiyoyozi, kompyuta ya gari huongeza mzunguko kidogo, tuseme 870, na mtetemo unapanda hadi hezi 29. Kwa hiyo kelele inayotokea au kupotea unapobonyeza kitufe cha kiyoyozi si lazima iwe ndani ya kiyoyozi. Huenda ni kipande cha plastiki chenye mtetemo wake wa asili wa hezi 25, kimesogezewa mbali mtetemo unaokiamsha, au kimeletewa.

Mtetemo wa asili unaonekana kwa rula. Ibane ukingoni mwa meza, sehemu ndefu ikining'inia nje, uipige kwa kidole: inayumba polepole. Punguza sehemu inayoning'inia iwe nusu, upige tena. Sasa inatetema mara nne zaidi kwa sekunde, na kimo chake kimekuwa kidogo. Rula ni ileile, plastiki ni ileile, kilichobadilika ni umbali kutoka kwenye kishikilio. Kipande kirefu cha dashibodi kilichopoteza klipu ya katikati ni rula ndefu: mtetemo wake wa asili umeshuka hadi ukaingia katika eneo la hezi za injini na barabara. Ukirudisha kishikilio kimoja tu mahali palipo wazi, unautoa huko. Kwa sababu hiyo mahali pa klipu pana maana kuliko idadi ya klipu, na kumwaga gundi kila upande ni kazi ya bure inayomtesa fundi atakayefungua baadaye.

Klipu zinapotea vipi? Hapa jua la Juba linaingia. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchini kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, na hilo ni joto la kivulini. Dashibodi iliyo nyuma ya kioo cha mbele, juani, inaweza kupita nyuzi 70. Plastiki hupanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya chuma, na chini ya dashibodi nyingi kuna boriti ya chuma inayokamata nguzo za pande mbili. Boriti yenye urefu wa mita 1.4 ikipata joto la nyuzi 50 zaidi hurefuka chini ya milimita moja. Plastiki iliyo juu yake, kama ingekuwa huru, ingerefuka milimita kadhaa. Haiko huru, hivyo inajikunja, inasukuma klipu, na usiku inarudi. Mwaka baada ya mwaka klipu hukakamaa na kuvunjika. Wajenzi wa madaraja huacha mianya kati ya vipande kwa hofu ya upanukaji huu huu, na watengenezaji wa magari huacha matundu ya skrubu yenye umbo refu ili plastiki iteleze. Ukikaza skrubu hizo kwa nguvu zako zote umeifunga plastiki isiteleze, na itatafuta pa kupasukia.

Kwa hiyo uliza saa. Kelele ya alfajiri inayoisha saa tano asubuhi ni ya mwanya uliofunguliwa na ubaridi, nao huzibwa joto linapotanua plastiki. Kelele inayoanza mchana ni ya vipande vilivyosukumana hadi vikagusana, na mara nyingi hiyo haigongi, hukwaruza. Kukwaruza kuna fizikia yake. Msuguano wa vitu vilivyotulia ni mkubwa kuliko wa vitu vinavyoteleza. Nyuso mbili hunatana, nguvu inajikusanya, zinaachana ghafla, zinateleza kidogo, zinanatana tena, mamia ya mara kwa sekunde. Dawa ya mgongano ni kuziba mwanya kwa kitu laini. Dawa ya mkwaruzo ni kubadilisha nyuso zinazogusana. Anayezichanganya huongeza tatizo: kipande cha mpira wa tyubu, ambacho kila fundi anacho, huzima mgongano vizuri lakini kikigusa plastiki laini hunata na kuanza kulia. Kivishe kitambaa upande unaogusa.

Sikio nalo hudanganywa, na linastahili kutetewa. Mgongano wa hezi 14 haulii kwa hezi 14. Kila pigo hukiamsha kipande kigumu kilie kwa hezi maelfu, na sikio la binadamu lina ukali mkubwa zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Ndiyo maana kijiklipu kinashinda ngurumo ya injini. Kujua kelele iko kushoto au kulia ni rahisi, kwa kuwa sauti huchelewa kulifikia sikio la mbali kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kujua iko juu au chini ni kugumu zaidi, na kioo cha mbele kilicholala huirudisha sauti kutoka pembe nyingine kabisa. Dereva ataapa kwamba kelele iko konani mwa kioo, kumbe iko nyuma ya redio.

Basi mtu mwingine aendeshe, polepole, penye njia tupu, nawe ukae kiti cha abiria ukiwa umefunga mkanda. Kabla ya hapo toa kila kitu kabatini, milangoni na kwenye trei, na toa funguo za ziada kwenye ufunguo wa gari. Bonyeza kwa kiganja sehemu moja baada ya nyingine. Kelele inayokoma chini ya kiganja imekuonyesha mwanya wake. Kipande cha bomba la maji cha nusu mita, ncha moja sikioni, hukata sauti zinazorudi kutoka kiooni. Na usisahau kwamba magari mengi hapa yana usukani wa kulia katika nchi inayoendesha kulia: magurudumu ya upande wa dereva ndiyo yanayopita ukingoni, penye mashimo zaidi, kwa hiyo anza kutafuta upande huo.

Kabla ya kufungua chochote, zima gari, toa nyaya kwenye nguzo hasi ya betri, usubiri dakika kumi. Ndani ya dashibodi mna mifuko ya hewa ya usalama inayofumuka kwa mlipuko, na nyaya zake kwa kawaida zina soketi za njano. Usizichomoe, usizipime kwa taa ya fundi. Usibandike kitu chochote juu ya mfuniko wa mfuko huo wala kwenye mstari unaokusudiwa kupasuka. Kama njia ya kufikia kelele inapita hapo, hiyo ni kazi ya fundi aliyefundishwa, na sioni aibu yoyote katika kumwachia.

Penginepo, fungua kwa kijiti bapa cha plastiki. Futa vumbi jekundu kwanza, maana gundi haishiki vumbi, na chembe zake husaga plastiki. Bandika ukanda wa felti, au kitambaa kizito cha blanketi, kwenye mdomo wa kipande kimoja tu, unene wa kujaza mwanya bila kukisukuma kipande nje. Funga nyaya zinazoning'inia kwenye boriti, juu ya kitambaa, mbali na pedali na nguzo ya usukani. Kwenye mkwaruzo paka grisi ya silikoni kidogo sana. Grisi ya kawaida ya beringi hudhoofisha baadhi ya plastiki. Sponji ya godoro iache, joto huigeuza unga.

Ukiziba mahali pamoja na kelele ikatokea penginepo pawili, acha dashibodi, shuka chini. Angalia upepo wa tairi kwa kipimo kabla gari halijatembea, kwa kuwa tairi lililojazwa kupita kiasi ni springi ngumu. Kisha sukuma pembe ya boneti chini kwa uzito wako wote na uiachie. Shokapu nzima hurudisha bodi juu na kuituliza palepale. Bodi ikiendelea kupanda na kushuka, shokapu imekufa, gurudumu linaruka bila wa kulishika, na fedha ya felti ni afadhali ukanunulie shokapu, zote mbili za ekseli hiyo.