Uzamie, Usizamie? Maswali Manne Kabla ya Kushuka Chini ya Bahari

Kijana mwenzangu wa Matembwe, likizo hiyo! Binamu yako anafanya kazi hotelini Matemwe, Unguja (kama kwetu, ila hawana herufi b), naye amekualika. Umefika tu, vijana wa huko wanakwambia: "Kesho twende Mnemba, unavaa mtungi wa hewa mgongoni, unashuka kuona samaki wa kila rangi." Moyo unataka, tumbo linakataa. Ufanyeje? Jiulize maswali haya manne.

1. Je, afya yangu inaruhusu?
Basi likishuka Kitonga masikio huziba, ukimeza mate yanafunguka. Baharini ni hivyo hivyo, ila kwa nguvu zaidi: ukifika mita 10 tu, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Kama una mafua, masikio hayatafunguka na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Ahirisha. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au kisukari amwone daktari kwanza. Mjamzito asizamie kabisa. Utapewa fomu ya maswali ya afya. Usidanganye eti usije ukakataliwa! Fomu ile inakulinda wewe, si mwenye boti.

2. Je, nimetulia majini?
Wengi wetu tumekulia kwenye mito ya baridi, tunaoga na kutoka. Kama hujui kuogelea, anza na hilo. Hofu ikikushika chini, utataka kupanda mbio huku umebana pumzi. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Hewa uliyovuta ukiwa mita 10 hutanuka mara mbili unapofika juu, na mapafu yanaweza kupasuka. Kanuni ya kwanza ya mzamiaji: pumua muda wote, usibane pumzi kamwe. Na upande polepole.

3. Nani atanishusha?
Mwalimu mzuri ana cheti na haoni vibaya ukiomba kukiona. Anakufundisha kwanza nchi kavu, kisha kwenye maji mafupi, na hachukui zaidi ya wanafunzi wanne wanaoanza. Siku ya kwanza hakushushi zaidi ya mita 12. Muulize pia kama botini kuna oksijeni ya dharura. Akijibu "usijali, poa tu", shuka botini mapema.

4. Narudi nyumbani lini?
Swali hili watu wa pwani hawalifikirii, lakini sisi wa nyanda za juu linatuhusu sana. Ukiwa chini ya bahari, naitrojeni iliyomo hewani huyeyuka ndani ya damu. Inahitaji muda kutoka. Ukipanda mahali pa juu mapema, inatoa mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa ghafla. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari! Ukizamia mara mbili, ya mwisho saa 8 mchana, ukapanda boti jioni na basi la usiku, alfajiri uko Iringa na mapovu yako. Fuata kanuni ya wanaopanda ndege: subiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 kama ulizamia zaidi. Saa 24 ni salama zaidi. Basi panga kuzamia mwanzoni mwa likizo, si siku ya kuaga.

Ukiona maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya kuzamia, nenda hospitali haraka na umwambie daktari kwamba ulizamia. Usipomwambia, anaweza kudhani ni malaria.

Majibu yote yakiwa mazuri, nenda ukafurahi! Hata jibu moja likiwa baya, bado kuna miwani ya majini na mrija: unaelea juu na kuwaona samaki hao hao. Kusema "leo sizamii" si ushamba wala woga. Mapafu ni yako, na wanaokucheka hawatakupumulia.

Jadilini kikundini:
- Rafiki yako ana pumu na anataka kuificha kwenye fomu. Mtamwambia nini?
- Umelipia, lakini umeamka na mafua. Utaamuaje?