Kijiji Kisicho na Migomba: Somo Kutoka kwa Wazee wa Capitol Hill

Ndugu msomaji, ukisikia neno "kijiji" mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye migomba, kisima na ofisi ya mtendaji. Sasa panda Metro, shuka Eastern Market. Pale pana kijiji pia, ila hakina shamba hata moja. Kinaitwa Capitol Hill Village, na wakazi wenyewe wa mtaa ule ndio waliokianzisha mwaka 2007. Katika somo hili tutaangalia kinavyofanya kazi, serikali inaingia wapi, na sisi tunajifunza nini kwa ajili ya wazee wetu.

1. Tatizo lenyewe

Wazee wengi wa huku hawataki kuhamishiwa nyumba za kutunzia wazee. Wanataka kubaki kwao. Lakini mzee wa miaka 80 anayeishi peke yake anaweza kushindwa na vitu vidogo tu: taa imeungua na ngazi hapandi tena, theluji imeziba mlango, gari haendeshi, na daktari yuko mbali. Hivyo vidogo vikirundikana, mtu anahama nyumba yake.

2. Kijiji kinavyofanya kazi

Wazo lilitoka Boston, mtaa wa Beacon Hill, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkazi analipa ada ya mwaka, na mwenye kipato kidogo anapunguziwa. Akipata shida anapiga simu namba moja. Ofisi yenye wafanyakazi wachache inamtafutia mtu wa kujitolea, mara nyingi jirani, ampeleke kwa daktari, amnunulie mahitaji au amsaidie na kompyuta. Kazi kubwa, kama za bomba na umeme, anaelekezwa kwa mafundi wanaoaminika. Wazee wenye nguvu nao wanajitolea kuwasaidia wenzao.

Lakini tusidanganyane. Mfumo wa ada unakwenda vizuri zaidi kwenye mtaa wenye uwezo. Mtaa maskini unahitaji mkono wa serikali.

3. Serikali inaingia wapi?

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alisaini sheria iitwayo Older Americans Act. Kwa sheria hiyo fedha za serikali kuu husaidia kulipia chakula cha pamoja vituoni, chakula kinachopelekwa majumbani, na usafiri kwa wenye miaka 60 na zaidi. Metro nayo hutoza nauli pungufu kwa wenye miaka 65 na zaidi.

4. Na kule nyumbani?

Siyo kweli kwamba kwetu hakuna kitu. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Mwaka huohuo, kule Nshamba wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza kuwapa pensheni ndogo wazee maskini, wengi wao mabibi wanaolea wajukuu yatima. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Kenya nayo mwaka 2018 ilipanua Inua Jamii iwafikie wenye miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Hapo utaona tofauti. Hatua nyingi za kwetu zinatoa pesa. Kijiji cha Capitol Hill kinatoa mtu. Na sisi wanafunzi tunafanya vilevile: tunatuma pesa, tunahesabu tumemaliza. Jamani, pesa haimshiki mama mkono kwenda zahanati. Kama vijana wote wa ukoo wako Dar, Nairobi au huku Maryland, hiyo pesa itafika na mama atabaki amekaa barazani akisubiri wa kumsindikiza.

Zoezi

Ukipiga simu nyumbani wiki hii, uliza maswali haya, uandike majibu:
(a) Nani anampeleka mzee hospitali, na akisafiri yeye, nani anashika nafasi yake?
(b) Nani anateka maji na kuangalia paa mvua zikianza?
(c) Kikundi gani cha kijijini, cha kufa na kuzikana au cha akina mama, kinaweza kupokea mchango wetu na kupanga zamu?

Ukikosa jina kwenye swali lolote, anzia hapo. Leta majibu kwenye mkutano wetu tuyajadili.